Mama Mkwe wa Miaka Tisa

Syombua binti Mulei aliolewa akiwa amekwisha kuupita ule umri ambao watu huuliza utaolewa lini, akauingia ule ambao husema maskini na kubadilisha mazungumzo. Yeye mwenyewe hakuona umaskini wowote. Alikuwa na mabega mapana, pengo katikati ya meno ya mbele, na kicheko kilichosikika kote sokoni Matiliku, alikokaa kila siku ya soko akiuza viondo vya katani alivyovisuka mwenyewe. Watu walinunua viondo vyake kwa sababu vilidumu, lakini maneno yake waliyapokea kwa tahadhari. Aliwahi kumwambia askari mgeni wa soko kwamba mbuzi aliyefungwa pale kando ni mali ya chifu, na askari yule akasimama akimfukuzia mbuzi nzi mpaka soko likafungwa. Mbuzi alikuwa wa Syombua.

Ndiyo maana Kiema alipopeleka posa, mwaka wa sabini na mbili, watu walidhani ni mzaha wake mwingine. Kiema alikuwa mfanyakazi wa reli, mtu mkimya aliyeifuata reli kokote ilikoharibika, leo Emali, kesho Mtito, akarudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mkewe Kasiva alikuwa amefariki kwa homa na kumwachia watoto wawili, msichana wa miaka tisa na mvulana wa miaka sita. Tangu hapo wanawake wawili walikuwa wameletwa katika nyumba ile, na wote wawili walikuwa wametoka mbio.

Wa kwanza alifungua mkoba wake kanisani kutoa sadaka, akagusa kinyonga. Wa pili alilalia godoro lililonyunyizwa upupu, akashinda siku nzima ndani ya maji ya mto akilia na kujikuna. Matiliku ilicheka mpaka ikachoka. Dada za Kiema hawakucheka. Walikuwa wawili, mmoja mwenye hoteli ya chai kule Emali, na mkubwa wao Mumbua, aliyeolewa Ikutha, mwanamke wa sauti nzito aliyependa mambo yaishe. Walikaa na ndugu yao wakakata shauri. Mwanamke wa tatu akishindwa, basi. Msichana ataenda Ikutha, mvulana ataenda Emali, na Kiema aendelee kuifuata reli yake.

Watoto hawakuambiwa. Syombua aliambiwa na Kiema mwenyewe siku ya posa, kwa sababu Kiema hakujua kumficha mtu kitu, na ndilo neno lililomfanya akubali. Mama yake Syombua alikuwa amekufa yeye angali mdogo, na wazee wa ukoo wakamshauri baba yake Mulei kwa nia njema kabisa. Yeye akapelekwa kwa shangazi, na kaka yake Musembi akapelekwa kwa mjomba Shimba Hills. Walipokutana tena walikuwa watu wazima. Walipeana mikono, wakaulizana habari za mvua, wakakosa la kuongeza. Syombua alicheka karibu kila kitu duniani, lakini hilo hakulicheka. Alimwambia baba yake kwamba ataingia nyumba ile, na atakaa, hata wakimwekea chatu kitandani.

Hawakumwekea chatu. Walianza na mwiko.

Siku ya kwanza Syombua aliingia jikoni, akabandika sufuria, maji yakachemka, akanyoosha mkono kutafuta mwiko pale ambapo miko yote hukaa, asipate. Akatafuta nyuma ya kinu, juu ya dari ya kuni, chini ya pipa. Watoto walikuwa wamekaa mlangoni wakimtazama kwa adabu nyingi mno. Msichana alisema mwiko ulichukuliwa na panya. Syombua akasema panya wa hapa lazima wawe na mabega, akatoka nje, akakata tawi la mti, akalichuna gome, akasongea ugali kwa hilo. Ugali ulitoka na mabonge ya kuweza kumpigia mtu. Waliula wote watatu.

Msichana aliitwa Ndila na mvulana Mutunga. Syombua alikuwa akiyajua majina hayo tangu posa, lakini hakuyafikiria mpaka jioni ya mwisho wa mwezi, Kiema aliporudi na kumwita bintiye amletee maji ya kunawa. Alimwita mwaitu, yaani mama yangu. Halafu akamwambia mvulana, kwa upole uleule, aondoe miguu yake njiani, nau, yaani baba.

Hapakuwa na la ajabu. Kwa Wakamba mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la nyanya mzaa baba, na wa kwanza wa kiume jina la babu, na jina halikai bure. Kiema alikuwa amewapoteza wazazi wake, na wote wawili alikuwa amerudishiwa, wadogo na wenye kamasi, kama watu wote wanavyorudishiwa. Kila nyumba ya Matiliku ilikuwa na baba fulani anayenyonya. Lakini Syombua aliuacha ugali ukipoa mbele yake, maana alikuwa ameona jambo ambalo, kadiri alivyojua, hakuna bibi arusi aliyewahi kuliona. Kama Ndila ni mama yake Kiema, na yeye Syombua ni mke wa Kiema, basi huyu mtoto mwenye vumbi magotini ni mama mkwe wake. Na yule pale anayelamba sahani ni baba mkwe.

Akacheka peke yake mpaka Kiema akamuuliza kama anaumwa.

Asubuhi alipomkuta Ndila uani, alisimama, akainamisha macho, akamsalimu kwa ile salamu ndefu ya mke wa mtoto, yenye kuuliza usingizi, mifupa na mifugo. Ndila alikuwa amejiandaa kwa matusi, si kwa salamu. Alitazama nyuma yake kuona ni nani anayesalimiwa. Kisha Syombua akamwomba ruhusa ya kuwasha moto, kwa kuwa nyumba ni ya mama mkwe na moto ni wake. Mtoto alifikiri, akasema awashe.

Kwa Mutunga ilikuwa sherehe kabisa. Mke na baba mkwe wake, kwa desturi ya zamani, wana nthoni, ile haya nzito inayowafanya wasitazamane usoni wala wasikaribiane. Mwanamke akimwona baba mkwe anakuja njiani, huiacha njia na kujificha kichakani mpaka apite. Syombua, akiwa na debe la maji kichwani, alimwona Mutunga anakuja akisukuma gurudumu lake la waya, akapiga ukelele mdogo wa adabu na kuingia kwenye mkonge, maji yakimwagika mgongoni. Mutunga alisimama. Hakuwahi kumtisha mtu mzima maishani mwake. Akarudi nyuma, akapita tena, na Syombua akajificha tena. Kutwa ile mvulana alipita njia ile mpaka gurudumu lake likakatika waya, na kufikia siku ya soko alikuwa akimwinda bibi arusi wake katikati ya vibanda, na mwanamke mwenye mabega mapana akimkimbia mtoto wa miaka sita na kujibanza nyuma ya magunia ya mbaazi, huku wauzaji wakishika mbavu.

Mama Kivuva, jirani yao, mjane aliyewaangalia watoto tangu Kasiva afe, alisema mwanamke huyu amepungukiwa. Syombua akamjibu kwamba hajapungukiwa, ila ameolewa nyumba yenye wakwe wakali.

Ndila alikuwa kazi nyingine. Mutunga alikwisha kutekwa, hilo msichana aliliona, na likamfanya azidi. Alitia majivu kwenye uji. Syombua akaunywa, akafuta mdomo, akasimulia kisimani kwamba mama mkwe wake amemjaribu kwa majivu kama wanavyofanya mama wakwe wa kweli, na mke asiyeweza majivu atayaweza wapi ya mbele. Ndila alilichimbua figa moja jikoni ili sufuria ipinduke, na ikapinduka, na maharagwe yakaenda kwa kuku. Syombua alienda kumshtakia mama mkwe mwenyewe, kwa heshima zote, kwamba kuna mtu anaharibu jiko la mama mkwe, na akamwomba amtafute mtu huyo na kumchapa. Ndila aliondoka. Ni vigumu kumfukuza mtu anayekupa haki ya kumfukuza.

Mwishowe udadisi ulimshinda. Walikuwa wakibambua mbaazi kibarazani, Ndila upande wake na Syombua upande wake, na msichana akauliza, akiwa ameikazia macho mbaazi, mama mkwe hufanya nini hasa. Syombua akamweleza bila kucheka hata kidogo, na hiyo ilimgharimu. Mama mkwe huonja chakula kwanza. Mama mkwe hukaripia, lakini hasemi mbele ya wageni. Mama mkwe akiwa mgonjwa mke humwogesha. Akasema pia kwamba mama mkwe ana sauti kwa watoto wake wote aliowazaa, hata wawe na mvi, hata wawe na watoto wao. Na mke akionewa, akarudi kwa baba yake, hatoki huko mpaka watu wa mume waende kumchukua, waseme kosa lao mbele ya wazee na kupeleka mbuzi. Ndila aliuliza kama mbuzi ni lazima. Syombua akasema mbuzi ni lazima, na akamrushia mbaazi puani.

Msichana nusura acheke. Syombua aliiona ile nusura, akalala na furaha.

Hapo ndipo alipokosea. Alidhani mlango umefunguka, akasahau kwamba huo mlango una mwenyewe ndani. Siku ya soko alinunua mwiko mpya, mzuri, wenye mpini mrefu, kwa sababu vijiti vilikuwa vimemchosha na ugali wa mabonge ulikuwa umewachosha wote. Aliuleta kwa mbwembwe, akaupeleka kwa Ndila kwa mikono miwili, akamwomba mama mkwe aubariki.

Ndila aliuchukua, akauingiza motoni, akaukandamiza kwa kuni ili ushike. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Wewe huna mtoto wako. Ndio maana unakuja kuchukua wa watu."

Neno hilo lilimwingia Syombua mahali ambapo hakuna aliyejua kwamba pana kidonda, maana kicheko chake kilikuwa kimepafunika vizuri miaka yote ile. Alisubiri mpaka ugali ukaiva, akapakua, akawasubiri wakala. Asubuhi alichukua kiondo chake, akawapeleka watoto kwa Mama Kivuva, na kwa sababu alikuwa yeye, hata katika uchungu alishindwa kuondoka kama mtu wa kawaida. Alimwomba Mama Kivuva amfikishie mama mkwe wake kwamba Syombua ameonewa na amerudi kwa baba yake. Akashika njia kuelekea ng'ambo ya kilima, nyumbani kwa Mulei, mwendo wa asubuhi nzima.

Hakuwa amefika mbali alipoanza kujuta. Alikuwa amewaacha watoto wawili kwenye shimo lilelile alilotupwa yeye, na kwa neno la mtoto wa miaka tisa. Mama Kivuva hakuwa na kifua cha siri. Mumbua angepata habari kule Ikutha kwa basi la kwanza. Syombua alimwambia baba yake kwamba amekuja kupumzika tu na atarudi kesho. Mzee Mulei, aliyekuwa amezeeka akawa na maneno machache na masikio makubwa, alimwacha akae mpaka akasema yote mwenyewe. Halafu akamuuliza akirudi atarudi kama nani.

"Ukirudi bila kuitwa, utakuwa mwanamke wa tatu," alisema. "Watakutia upupu ukiwa na haya."

Mzee alisema kweli, na hilo lilimuudhi zaidi. Syombua alikaa, akasuka, akafumua, akasuka tena. Kila aliposikia mbwa alitoka nje. Alikuwa amecheza mchezo wa watu wazima na watoto wasiojua kwamba zamu yao imefika, na mchezo huo sasa ungewagharimu kila mmoja nduguye. Hakula. Aliamua kwamba Jumamosi ataamka na kurudi, apewe upupu, apewe na chatu.

Jumamosi alikuwa amefunga leso na ameshika kiondo, Mulei alipomwambia asubiri kidogo kwa sababu kuna wageni wanapanda kilima.

Aliyetangulia alikuwa Ndila. Alikuwa amejifunga leso mbili za mama yake, moja kiunoni na moja mabegani kama wavaavyo wanawake wenye wakaza wana, na zote mbili zilikuwa zikiburura vumbi. Nyuma yake Mutunga alikuja amemkumbatia kuku mwekundu aliyekuwa mkubwa kuliko kifua chake. Hawakumtazama Syombua. Ndila alisimama mbele ya Mulei, akasalimu, akasema wamekuja kwa mambo ya nyumba.

Mulei angeweza kucheka. Syombua alimtazama, na akili yake yote ikamwomba asicheke. Mzee aliingia ndani akatoka na koti lake la kanisani, akalivaa, akawapa wageni viti, akamwita jirani mmoja awe shahidi. Kisha akauliza ni nani mkubwa wa msafara huu na wamekosa nini.

Ndila alisema yeye ni mama wa mume. Akayataja makosa yake moja baada ya jingine, majivu, figa, maharagwe, akaongeza na kinyonga na upupu wa wanawake waliotangulia kwa kuwa alifikiri ndivyo inavyotakiwa. Jirani shahidi alilazimika kwenda kutema mate kando ili kuficha kicheko. Lakini alipofika kwenye mwiko msichana alikwama. Alisema kwamba alitamka neno baya, na hataki kulirudia mbele ya wageni, kwa sababu mama mkwe hasemi mbele ya wageni.

Mulei akauliza kilichowaleta leo na si jana. Ikajulikana kwamba shangazi Mumbua amewasili kutoka Ikutha na gunia la kutilia nguo, na kwamba baba yao naye ameitwa kutoka kazini. Shangazi alikuwa amewaambia yote jana jioni, nani ataenda wapi. Alipokwenda mtoni alfajiri kuoga, wao wakatoka.

"Na mbuzi yuko wapi?" aliuliza Mulei.

Mutunga akamwinua kuku. Ilibidi waulizwe kuku ametoka wapi, ndipo wakasema ni kuku aliyeletwa na shangazi. Mulei alisema kuku wa shangazi hawezi kuwa mbuzi, lakini anaweza kuliwa, na jirani akampokea haraka kabla wageni hawajabadilisha nia.

Ndipo Ndila alipofungua leso ya kiunoni na kutoa mwiko. Ulikuwa mkuukuu, mweusi, na ulikuwa umelika upande mmoja, kushoto, ukabaki na umbo la kuchekesha. Hakuutoa kwa Mulei. Alimpelekea Syombua, na kwa mara ya kwanza siku ile akamtazama.

"Huu ni wa mama," alisema. "Alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Ameula upande huu. Mtu mwingine akiutumia utabadilika, halafu mama hatakuwa mahali popote."

Syombua alikaa chini. Alisema hataugusa. Alisema atasongea kijiti mpaka afe.

"Hapana," alisema Ndila. "Wewe unatumia mkono wa kulia. Nimekuangalia. Wewe kula upande ule mwingine."

Mulei aliinuka akaenda kumtazama kuku, ingawa kuku hakuwa na haja ya kutazamwa, na alikaa huko kitambo. Mzee huyo alikuwa na mwanawe Shimba Hills asiyemwandikia.

Walikula kuku, wakashika njia. Mutunga alichoka kabla ya kilima cha pili, akataka kubebwa. Syombua akamkumbusha kwamba yeye ni baba mkwe, na mke kumgusa baba mkwe ni aibu ambayo wazee wataijadili mwaka mzima. Mvulana alifikiria jambo hilo kwa uchovu wake wote. Akasema kinachokatazwa ni kuonana, na akiwa mgongoni hawataonana. Mama mkwe aliulizwa, akaamua kwamba hiyo ni kweli. Basi baba mkwe akafungwa mgongoni kwa leso, akalala, akamtonea mkwewe mate shingoni mpaka nyumbani.

Uani walimkuta Kiema amekaa kwenye kigogo, mikono kati ya magoti. Mumbua alikuwa amesimama na gunia tayari limejaa, na jambo la kwanza alilotaka kujua ni kuku wake. Syombua akasema kuku amefanya kazi ya mbuzi. Mumbua hakuona la kucheka. Alisema mchezo umezidi, watoto wamekuwa wezi na wazururaji, mwanamke anakimbia na kurudi, na uamuzi ni uleule, msichana atapanda naye basi la kesho. Syombua alianza kusema, na Mumbua akamwambia yeye ni mgeni katika jambo hili. Ilikuwa kweli, na Syombua alihisi kila kitu kinamponyoka tena, pale pale mlangoni.

Ndila alijipangusa vumbi. Akarekebisha leso ya mabegani. Akamwendea shangazi yake mpaka karibu, ikambidi ainue uso kabisa ili amwone.

"Mumbua," alisema, "mimi mama yako siendi popote. Na nau haendi. Toa nguo zangu kwa hilo gunia."

Hakuna aliyemwambia mtoto yule kwamba Mumbua, pamoja na sauti yake nzito, alikuwa bado akimlilia marehemu mama yake, Ndila wa kwanza, kila alipotwanga muthokoi, mahindi ya kukobolewa. Hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa amejifunza kibarazani, juu ya mbaazi, kwamba mama ana sauti kwa watoto wake wote hata wakiwa na mvi, na Mumbua alikuwa nazo. Mwanamke mkubwa alisimama akimtazama yule mtoto aliyevaa jina la mama yake, na uso wake ukaanza kukunjika kuanzia kidevuni. Alipojibu, alijibu kwa Kikamba, neno moja tu.

"Mwaitu."

Akalimwaga gunia uani. Halafu akalia kwa kelele nyingi, na Mutunga akaamka mgongoni akauliza kama ni kwa sababu ya kuku.

Mumbua alikaa wiki nzima na hakuwa mgeni mwepesi. Ndila naye hakugeuka malaika. Kinyonga mwingine alionekana Desemba, ndani ya kofia ya mchungaji. Lakini hakuna aliyegawanywa. Syombua aliishi na wakwe zake miaka yote ile, akaendelea kusuka viondo, na mama waliopata watoto wa kufikia, au mayatima, au wajukuu walioletwa ghafla kutoka Mombasa, walizoea kwenda kukaa karibu na kibanda chake na kumuuliza wafanye nini. Kwa kawaida aliwauliza mtoto ana jina la nani. Wengine walirudi nyumbani wakiwa wameelewa, wengine wakisema bado amepungukiwa.

Yeye na Ndila hawakubadilisha mwito. Msichana alikua, akasoma, akawa nesi, akaolewa Emali, na alipokuja likizo Syombua alimsalimu uani kwa macho yaliyoinama, na Ndila akamjibu, mkaza mwana, hujambo, umeonja mboga? Hakuwahi kumwita mama. Syombua hakumdai, na akikuambia kwamba hakutamani, alikuwa anakudanganya kama alivyomdanganya askari wa soko.

Ndila alizaa binti wa kwanza, akapewa jina la mama wa mumewe. Alizaa wa pili, akamwita Kasiva, na Syombua ndiye aliyepiga vigelegele vikubwa kuliko wote. Wa tatu alizaliwa mwaka wa tisini na moja, msimu wa mvua, naye Syombua akapanda basi kwenda Emali kupika. Aliukuta mwiko ule jikoni kwa Ndila, umelika kushoto na umelika kulia, mwembamba sasa hata hauwezi ugali wa watu wengi. Aliutumia hivyo hivyo. Katika chumba cha pili mtoto alilia, na bado hakuna aliyekuwa amemwambia Syombua jina lake.

"Nyamaza, mwaitu," alisikia Ndila akimbembeleza. "Nyamaza, Syombua."

Mwanamke jikoni aliacha kusonga. Ugali ule uliungua chini, na wakaula hivyo hivyo.